Barua za Kazini: Gongo, Rampu na Fulana za Desemba

Mbukwenyi, wasomaji wangu. Kwa mgeni wa ukurasa huu: nilikaa masjala ya ofisi moja hapa Dodoma miaka 27, nikitembelea gongo la kwapani, kwa kuwa polio ilinipitia kabla sijaanza shule. Mimi nimestaafu, gongo bado liko kazini. Mwezi huu barua nyingi zimegusa mambo ya ulemavu na ajira, basi nimezitoa kwenye rundo na kuziweka pamoja. Za mishahara iliyochelewa zitasubiri, nazo zimeshazoea kusubiri.

*Mama Masjala, shikamoo. Mimi ni afisa utumishi kwenye kampuni binafsi hapa Kizota, tuko wafanyakazi 64. Mkurugenzi amesikia habari ya asilimia 3 ya watu wenye ulemavu na anataka tuitimize mwaka huu. Nimetangaza nafasi ya karani wa stoo mara mbili, hakujitokeza hata mmoja. Sasa anasema basi, hawapo, tumejitahidi. Ni kweli hawapo? Nakuambatishia tangazo letu na picha ya rampu tuliyokwisha kujenga.*
*Afisa Utumishi, Kizota*

Marahaba, mwanangu. Wapo. Tangazo lako nimelisoma mara mbili, na miwani. Mstari wa tatu unataka mtu "mwenye afya njema na mwonekano mzuri". Mstari wa tano unataka leseni ya udereva, kwa karani ambaye kazi yake ni kuhesabu magunia na kuingiza namba kwenye kompyuta. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, ndipo mnasema wenye ulemavu wanakaribishwa. Hapo umemkaribisha mtu ndani huku umekaa mlangoni.

Halafu mmelitoa kama picha, likazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Simu ya mtu asiyeona humsomea maandishi kwa sauti. Ikifika kwenye picha yako inamwambia "picha", inanyamaza. Yeye anasonga mbele kwenye ujumbe wa harusi ya shangazi. Liandike tangazo kwa maandishi ya kawaida, leseni uitoe, na huo "mwonekano mzuri" nakuomba uutoe hata kama usingekuwa unatafuta mtu mwenye ulemavu.

Sheria unayoitafuta ni Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea anatakiwa asilimia 3 yao angalau wawe watu wenye ulemavu. Piga hesabu: asilimia 3 ya 64 ni 1.92. Watu wawili! Mkurugenzi anavyohema utadhani ameambiwa ahamishe mlima Mlimwa.

Usikae ukisubiri waje getini. Wafuate waliko: CHAVITA kwa viziwi, TLB kwa wasioona, TAS kwa wenye ualbino, na SHIVYAWATA ambalo ndilo shirikisho la vyama hivi vyote. Nenda ustawi wa jamii pale halmashauri, nenda VETA, nenda UDOM ambako kuna wanafunzi wenye ulemavu wanaohitimu. Na muda wa kuomba uwe wiki tatu, si siku nne. Habari za kazi kwa watu hawa hupita mdomo kwa mdomo, na mdomo una mwendo wake.

Kabla ya usaili, mpigie simu kila aliyeitwa, mwenye ulemavu na asiye nao, umuulize swali moja: kuna kitu utahitaji ili usaili wako uende vizuri? Ukimuuliza kila mtu, hakuna atakayejiona ameonyeshwa kidole. Mimi niliwahi kukaa kwenye jopo, akaja kijana kiziwi na mkalimani wake wa lugha ya alama. Saa tisa alasiri, dirisha linatazama magharibi, na mkalimani tukamkalisha dirishani. Jua la Dodoma la saa hiyo mnalijua. Kijana alikuwa anakunja macho, anainama, anachelewa kujibu. Alichokuwa anakiona ni kivuli cheusi chenye mikono. Mwenzangu kwenye karatasi ya alama akaandika "anasitasita". Mwenyekiti naye muda wote anamtazama mkalimani: "Mwambie atuambie uzoefu wake." Niliomba tuhamishe meza. Baada ya hapo kijana alijibu mpaka sisi ndio tukawa tunasitasita. Kwa hiyo: mtazame mwombaji, zungumza naye yeye, na dirisha liwe mgongoni kwa mwombaji, lisiwe mgongoni kwa mkalimani.

Sasa rampu. Naiona kwenye picha, imepakwa rangi ya njano, inapendeza. Ngazi zenu ni nne. Kama kila moja ina sentimita 15, mlango uko sentimita 60 juu ya ardhi. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani ni hiki: kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Mlihitaji mita 7 na kidogo. Yenu kwa macho yangu haifiki mita 2, hiyo ni ya kupandishia mikokoteni ya saruji. Mtu wa kitimwendo akiijaribu peke yake atarudi kinyumenyume mpaka barabarani. Mwite fundi, mkunje rampu kona moja kama nafasi haitoshi, muweke na kishikio.

Kuhusu gharama ambazo Mkurugenzi anaziogopa, mwambie programu ya NVDA, inayomsomea asiyeona kila kilichomo kwenye kompyuta, ni ya bure. Ilianzishwa mwaka 2006 na vijana wawili wa Australia, wote wawili hawaoni. Anachotakiwa kununua ni spika za masikioni.

Jambo la mwisho, na hili sikuulizwa. Ukiwapata hao wawili, usimweke mmoja stoo na mwingine jengo la nyuma wasijuane hata majina. Sababu yake ipo kwenye barua ya tatu hapa chini.

*Shikamoo Mama. Nimehitimu chuo mwaka jana, sioni tangu nikiwa na miaka tisa. Nimetuma maombi mengi. Nikiandika kwamba sioni, siitwi. Nisipoandika, naitwa, halafu nikiingia na fimbo nyeupe naona (samahani, nasikia) kimya kinashuka chumba kizima. Niandike au nisiandike?*
*Mhitimu, Ng'hong'honha*

Marahaba, na hiyo "nasikia" yako imenichekesha mpaka chai ikamwagika.

Kwa kazi za serikali zinazopitia Sekretarieti ya Ajira, andika. Matangazo yao yenyewe huwataka waombaji wenye ulemavu wajiainishe kwenye mfumo, na usipojiainisha utafika kwenye mtihani wa kuandika ukapewa karatasi na kalamu kama wenzako, halafu msimamizi aanze kukimbia huku na huko.

Kwa kampuni binafsi, mimi nasema usianze nayo. Rafiki yangu mmoja, naye haoni, tunagombana kila tukikutana: yeye anataka iwe mstari wa kwanza, "wanaonikataa wanikatalie mbali." Namwelewa. Ila mimi naona barua ya maombi ina nusu dakika ya kusomwa, na nusu dakika hiyo naitaka izungumzie unachokijua. Wakikupigia simu kukuita, hapo hapo sema: "Asante, nitafika. Sioni, natumia kompyuta inayosoma kwa sauti. Kama kuna jaribio la kuandika naomba nilifanye kwa kompyuta yangu." Maneno machache, sauti ya kawaida, kama anayeuliza maegesho yako wapi. Kile kimya utakuwa umekimalizia kwenye simu.

Siku ya usaili beba kompyuta yako, na kabla hawajauliza "sasa utafanyaje kazi?" (watauliza, wengine kwa macho tu) omba dakika mbili uwaonyeshe. Fungua barua, isome, ijibu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mtu kwa ulemavu wake, hata kwenye hatua ya kuomba kazi, lakini sheria haiingii chumba cha usaili kukaa kiti cha pembeni. Dakika zako mbili zinaingia.

Ukiipata kazi, jambo la kwanza waombe waache kutuma barua zilizopigwa picha zikiwa na mhuri katikati ya maneno. Hilo litakusumbua kuliko ngazi.

*Mama yetu, tupo wanne hapa ofisini: kiziwi mmoja, wawili wa viungo, na mmoja mwenye ualbino. Tunataka tuanzishe umoja wetu. Mwenzetu mmoja anaogopa tutaonekana wachochezi. Mkuu wa utawala naye anasema hakuna haja, mlango wake uko wazi, kila mtu aende na shida yake. Tuanzie wapi?*
*Wanne, Makole*

Wanangu, mlango wa mkubwa wangu nao ulikuwa wazi. Ulikuwa ghorofa ya pili.

Niwasimulie. Masjala yetu ilikuwa na rafu za mbao mpaka darini, na mafaili yaliyoulizwa kila siku yalikuwa juu, kwa sababu aliyeyapanga kabla yangu alikuwa mrefu. Nilikuwa naegemeza gongo ukutani, napanda stuli, nashika rafu kwa mkono mmoja na kuvuta faili kwa mwingine. Niliomba yashushwe. Nikajibiwa, "Tunajua hali yako, mama, tutaliangalia." Nikaomba tena mwaka uliofuata. "Tunajua hali yako." Neno *hali* nililichukia kuanzia hapo. Tarishi mmoja akawa ananisaidia kupanda, namlipa chapati.

Kisha akahamishiwa kwetu mhasibu mwenye ualbino. Meza yake ilitazama dirisha la mashariki, akawa anasoma daftari la hesabu pua imegusa karatasi huku machozi yanamtoka kwa mwanga. Halafu dereva wetu mmoja alipata ajali, akakatwa mguu, akarudishwa kukaa kwenye chumba cha kuandikisha safari za magari, chenye ngazi tatu zisizo na kishikio. Siku moja tukajikuta watatu kwa mama lishe, chini ya mwarobaini nyuma ya ofisi, ugali na mlenda mbele yetu. Tukaanza kusimuliana. Kila mmoja alikuwa ameomba kitu chake peke yake, na kila mmoja alijibiwa maneno yale yale, mpaka na "tunajua hali yako".

Tukaandika barua moja. Ukurasa mmoja, maombi matatu: mafaili ya kila siku yashuke usawa wa kiuno, meza ya mhasibu igeuzwe na dirisha lipate pazia, ngazi ziwekewe bomba la kushikilia. Kila ombi tuliliandikia bei yake. Mimi mwenyewe nilikwenda Majengo kumuuliza fundi seremala. Sahihi tatu. Tulijibiwa siku ya tisa.

Sahihi yangu peke yangu ilikuwa huruma: mkubwa akitaka anatoa, asipotaka anajuta kidogo na maisha yanaendelea. Zilipokuwa tatu, na bei pembeni, ikawa shughuli ya ofisi, ikabidi ipewe namba ya faili. Namba nilitoa mimi. Mkuu wenu wa utawala anapowaambia kila mtu aende na shida yake, huenda ana nia njema kabisa. Mwambieni asante, halafu muende wanne.

Sasa nisikilizeni na upande wa pili, maana umoja wetu ulikufa na mimi nilikuwemo. Tulikua tukafika saba, tukachagua mwenyekiti aliyependa maandamano. Umoja wa Mataifa ulitenga Desemba 3 kuwa siku ya kimataifa ya watu wenye ulemavu tangu mwaka 1992, na siku hiyo ikatumeza. Kuanzia Septemba vikao vyote ni fulana: rangi gani, maneno gani, nani amedai ya mikono mirefu. Ukiongeza michango ya misiba, mwaka umekwisha. Miaka mitatu tulitoa fulana nzuri. Ninazo mbili, moja nafutia vumbi.

Katika miaka hiyo hiyo aliajiriwa binti wa kitimwendo. Mchangamfu, wa kwanza kufika asubuhi. Tulimpa fulana. Mwezi Oktoba, joto la kabla ya mvua, akaanguka mezani. Hospitali wakamwuliza anakunywa maji kiasi gani. Hanywi. Tangu aajiriwe alikuwa hanywi kitu kuanzia alfajiri mpaka arudi nyumbani, kwa sababu mlango wa choo chetu ulifunguka kwa ndani: kiti kikiingia, mlango haufungi. Watu saba tunajiita umoja, tunapita mbele ya choo kile kila siku, na hakuna aliyemwuliza. Mimi niliyekaa naye chumba kimoja sikumwuliza. Mlango uligeuzwa bawaba zake ukafunguka kwa nje, kazi ya nusu siku.

Kwa hiyo kikao chenu cha kwanza kiwe na swali moja tu, linalozunguka meza: tangu unaingia getini mpaka unatoka, unakwama wapi? Ulizaneni na la choo, msione haya. Chagueni mambo matatu, yapeni bei, andikeni. Kutaneni saa za kazi kwa ruhusa, nusu saa, muhtasari wa ukurasa mmoja. Ombi namba moja liwe mkalimani wa kikao chenyewe, la sivyo mtakuwa watu wanne mnaokutana huku mmoja anahesabu vigae. Kusajili chama si lazima. Pelekeni hoja zenu kwenye tawi la chama cha wafanyakazi, au baraza la wafanyakazi kama ofisi yenu inalo. Mwalikeni mtu mmoja wa utawala akae nanyi, asikilize, asiwe mwenyekiti. Hapo mwenzenu hatakuwa na uchochezi wa kuogopa, maana mkubwa mwenyewe yupo anakunywa chai yenu.

Michango ya misiba iacheni kwenye kikundi cha ofisi nzima. Fulana, nimeshasema.

*Mama Masjala, nimepata kijana kwenye kitengo changu ambaye hasikii. Wenzake wanamwita "bubu". Mimi nimwiteje?*
*Msimamizi, Chamwino*

Kwa jina lake. Ikibidi kutaja ulemavu, viziwi wenyewe wanasema kiziwi, na hawaoni aibu kulisema. "Bubu" likome leo, kama lilivyotakiwa kukoma "zeruzeru". Na jifunze alama kumi za mwanzo, kuanzia ile ya "umekula?"

*Shikamoo Mama. Mimi ni fundi kwenye karakana ya mbao. Mashine ya randa imenikata vidole viwili vya mkono wa kulia, nimeuguza wiki sita. Bosi ameniletea karatasi niitie sahihi kwamba naacha kazi kwa hiari, atanipa nauli na kitu kidogo. Anasema fundi wa vidole vitatu hana kazi. Mashine hiyo ilishawaumiza wengine wawili.*
*Fundi, Chang'ombe*

Marahaba, baba, na pole sana. Usiitie sahihi. Ukisaini umeacha mwenyewe, na milango mingi inafungwa kwa kalamu yako.

Kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaohusu na sekta binafsi. Bosi akishajua umeumia kazini anatakiwa atoe taarifa kwao ndani ya siku 7. Kama hakutoa, nenda mwenyewe, una miezi 12 ya kudai tangu ajali. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri, kabla hajamwondoa mtu kwa kuumia, atazame kwanza kama kazi inaweza kurekebishwa au ipo nyingine anayoiweza. Karakana ina kupima, kukata bei, kupokea oda, kupaka vanishi. Vidole vitatu vinashika rula. Akikufukuza, hesabu siku 30 tangu siku hiyo, uwe umefika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Siku 30 ni chache. Usizimalize ukiwa kijijini kwa mama.

Kadi ya hospitali, mkataba kama upo, ujumbe wa malipo kwenye simu, picha ya mashine: vyote weka pamoja, na nakala ikae kwa mtu mwingine.

Na hao wengine wawili, umewataja mwishoni kama jambo la kupita tu. Wapigie simu jioni hii, kabla hujarudi kwa bosi. Kesho muende watatu.